Mama Miligramu na Bibi wa Kiti cha Mbele

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mwalimu wetu wa famakolojia anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu wa Juni. Wengi wenu mnaosoma kijitabu hiki hapa ukumbini mnamjua kwa jina la Mama Miligramu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtajia dozi bila kipimo akaachwa salama. Ukisema "kidonge kimoja," atakuuliza kimoja cha miligramu ngapi. Hata kantini, mpishi akimuuliza atie sukari kiasi gani, hujibiwa kwa gramu, na siku hizi mpishi wetu hacheki tena, anapima tu.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa mimi, mwalimu wa idara ya meno, ndiye niliyefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko wote, na pia ndiye ninayerithi kozi yake. Kamati ilisisitiza niandike mambo ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini huwezi kusimulia maisha ya mwanamke huyu hapa chuoni bila kumtaja Bibi, na habari za Bibi hunisisimua mwili kila nikizikumbuka, hata mchana kweupe kama sasa.

Kabla ya kuja kwetu, Mama Miligramu alikuwa mfamasia kwenye dirisha la dawa la hospitali moja kubwa. Huko ndiko alikojifunza kusoma miandiko ya madaktari, kipaji ambacho hadi leo anakitumia kuwafedhehesha baadhi yetu kwenye vikao. Alikuja chuoni akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na wiki ya kwanza mlinzi alimzuia getini akidhani ni mwanafunzi aliyechelewa. Alimwambia mlinzi kwamba yeye ndiye mwalimu na kwamba kweli amechelewa, akapita.

Alifundisha kwa miaka minane kama tulivyokuwa tukifundisha sote, yaani kwa kumwaga. Wauguzi walikuwa na vipindi vyao vya dawa vilivyotawanyika huku na kule. Watu wa meno tulikuwa na saa chache tu, za kujua ganzi na vidonge vya maumivu. Kisha mkuu wa chuo wa wakati ule, ambaye naye ameshastaafu, akamwita ofisini na kumpa kazi ambayo wawili kabla yake walikuwa wameikwepa. Walimu walikuwa wachache na ratiba imejaa. Alitakiwa kubuni kozi moja ya famakolojia, ya muhula mmoja tu, kwa wanafunzi wa uuguzi na wa meno wakiwa darasa moja.

Ukitaka kujua ugumu wake, kashike kitabu cha famakolojia pale maktaba. Kizito kama tofali, na kila ukurasa unadai kuwa wa muhimu. Likizo ile Mama Miligramu alitandaza karatasi juu ya meza yote ya kulia nyumbani kwake, akaandika dawa zote, akaanza kukata. Mume wake, ambaye leo amekaa mstari wa pili na tai aliyofungiwa na mtu mwingine, alikula chakula chake akiwa amesimama jikoni hadi likizo ikaisha. Anasema aliuliza mara moja tu kama anaweza kusogeza karatasi kidogo ili aweke sahani. Akaambiwa pale anapotaka kuweka sahani ndipo palipo na figo.

Aligawa dawa mafungu mawili, za kuua na za kusumbua. Zile ambazo muuguzi au mtu wa meno akizikosea mgonjwa atasumbuliwa na tumbo siku mbili, alizitupa. Akabaki na za kuua. Hata hizo zilikuwa nyingi mno kwa muhula mmoja, na hapo akakwama. Aliniambia baadaye kwamba alikaribia kurudi kwa mkuu kusema haiwezekani, ndipo akamkumbuka mzee wa mto.

Mzee huyo hakuwahi kumwona. Alimwona mke wake tu, enzi za dirisha la dawa. Mama wa watu alikuja asubuhi moja na foronya ya mto mkononi, nyekundu kwa damu kutoka pembe hadi pembe, akawa anaionyesha kila dirisha kama anayeuliza ni ya nani. Mume wake alikuwa akimeza dawa ya moyo inayozuia damu isigande, na wauguzi waliompa walijua hivyo. Alikuwa amevimba jino, na aliyemtibu jino alimwandikia dawa ya kuua vijidudu iliyo sahihi kabisa kwa uvimbe ule. Dawa hizo mbili zikikutana mwilini bila mtu kuzisimamia, ile ya kwanza huzidi nguvu na damu haisimami. Hakuna aliyekosea upande wake. Kila mmoja alifanya sawasawa, na mtu akalala, akavuja damu usingizini, na hakupona.

Basi akaacha kupanga kozi kwa dawa, akaipanga kwa mtu. Alibuni mgonjwa mmoja, mwanamke wa miaka sitini, mwalimu mstaafu, mwenye kilo sitini na tisa. Penisilini humvimbisha midomo. Mapigo yake ya moyo yanakwenda kombo, kwa hiyo kila jioni anameza warfarini, ile ile dawa ya kuzuia damu isigande. Na gego lake la mwisho, chini kushoto, limeoza. Hakumpa jina. Alichukua kiti kimoja cha mbao, akakiweka mbele darasani karibu na dirisha, akatundika mgongoni mwake sweta la kijivu alilolinunua sokoni, kubwa kupita kiasi. Sweta lenyewe lingeweza kumzunguka yeye mara mbili. Wanafunzi ndio waliomwita Bibi.

Nilicheka, sikatai. Nilimwambia, "Dada, umeshindwa kufundisha watu wazima hadi unawachezesha baba na mama?"  Muhula ulipofika katikati nilipita dirishani nikakuta darasa zima, watu wa sindano na watu wa koleo, wanabishana hadi mishipa ya shingo imewatoka kuhusu magoti ya mtu ambaye hayupo.

Siri ya ile kozi ilikuwa sharti moja. Kila wiki Bibi alikuja na shida mpya, na chochote walichompa kilibaki. Dawa ya magoti waliyompa wiki ya pili ilikuwa bado inamla tumbo wiki ya sita. Shinikizo la damu walilolisahau lilirudi likiwa limepanda. Kila kipindi kilianza kwa darasa kukisalimia kiti, "Bibi, umeamkaje?" kisha Mama Miligramu anakaa kimya kidogo, kama anayesikiliza, halafu anawaambia Bibi ameamkaje. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kozi hiyo wanaapa kwamba ukimya ule ulikuwa mrefu kidogo kuliko mchezo unavyohitaji.

Na mtihani wake hamjawahi kuuona kwingine. Kila dawati walikaa wawili, muuguzi na mtu wa meno. Muuguzi alipewa karatasi inayosema Bibi anameza nini kila siku. Wa meno alipewa karatasi inayosema jino limevimba na penisilini haimfai. Swali lilikuwa moja tu kwa wote: mpe dawa. Nusu ya ukweli iko kwako, nusu iko kwa jirani yako, na kuongea kunaruhusiwa, ila hakuna anayekukumbusha. Mwanafunzi akiandika, "Sijui. Nauliza kwanza," na akauliza kweli, alama zake zilikuwa kamili.

Miaka ya mwanzo Bibi alikufa kama mchezo. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba mtihani ni kufunika karatasi kwa kiwiko. Mwaka ambao hatimaye walianza kuulizana, msimamizi mgeni kutoka kitengo cha mitihani alitaka kuwatoa nje wote kwa udanganyifu. Mama Miligramu alisimama mlangoni akamwambia kwa ile sauti yake ndogo, "Kaka, ukiwanyamazisha, mtu anakufa." Yule bwana akatazama huku na huku kumtafuta huyo mtu. Macho yake yalitua kwenye kiti chenye sweta, akanywea, akaenda kukaa nyuma. Tulivunjika mbavu ofisini wiki nzima.

Hayo ndiyo ya kuchangamsha. Sasa niseme na mengine, maana nikiyaacha mtasema nimeandika nusu.

Kiti kile hakikuwa kinapata vumbi. Darasa lilifungwa likizo zote ndefu, na tukilifungua tulikuta viti vyote vimevaa vumbi la kuandikika kwa kidole, isipokuwa kile. Mama anayefanya usafi aliniambia hakigusi. Hufagia akakizunguka, anasema "samahani," anaendelea. Mbao ya kukalia iling'aa kama ya benchi la kituo cha afya, ilhali hakuna aliyewahi kuikalia. Hata Mama Miligramu hakuikalia, na hilo nililichunguza. Siku moja alikuja mtahini kutoka nje, mtu mzito mwenye haraka zake, akakivuta na kuketi kabla hatujamzuia.  Alisimama papo hapo akajipangusa suruali, akauliza nani alikuwa amekaa pale, maana kiti bado kilikuwa na joto.

Mnaweza kusema ni jua la dirishani. Mimi pia nilisema hivyo. Dirisha lile linatazama ukuta.

Mama Miligramu alipofika umri wa miaka arobaini na tisa alipata kifua, akaandikiwa amoksilini, ambayo ni mtoto wa penisilini. Alishawahi kuimeza ujanani bila shida. Safari hii midomo yake ilivimba hadi akashindwa kutamka neno miligramu, na sisi wenzake, Mungu atusamehe, tulimtania. Miaka michache baadaye ilikuja mizani mipya ya idara ya uuguzi, tukapanga foleni kupimwa kwa mzaha. Alipopanda yeye, mshale ulisimama kwenye sitini na tisa. Alishuka, akapanda tena, ukasimama pale pale. Alinitazama mimi peke yangu kati ya watu wote mle ndani, kisha akachukua mkoba wake akaenda darasani.

Tangu siku hiyo nilianza kulichunguza gego lake la chini kushoto. Kila likizo nilimlaza kwenye kiti changu cha kliniki kwa kisingizio chochote. Niliona alama ndogo, nikaliziba kwa mkono wangu mwenyewe, na nikiziba mimi, hakiingii kitu. Yeye alikuwa akikaa, anafumbua kinywa, anamaliza, anauliza, "Bado?" Nami namjibu, "Bado." Hatukuwahi kulisema zaidi ya hapo.

Januari mwaka huu alitimiza miaka sitini. Februari, akipanda ngazi za maktaba, moyo ulianza kumwenda mbio kama wa mtoto aliyefukuzwa, na haukurudi mstarini. Daktari wa moyo akamwandikia warfarini, kila jioni. Alituambia wawili tu, mume wake na mimi. Alikuja ofisini kwangu na karatasi ile ya daktari, akaiweka mezani, akasema, "Nilimwandika nikiwa na miaka thelathini na saba. Nilimpa kila kitu nilichokuwa nikikiogopa." 

Muhula huo huo wa mwisho ndio mkuu wetu wa chuo wa sasa, ambaye yuko hapa mbele na ninajua ananisoma, alipoleta pendekezo la kuigawa kozi mara mbili, wauguzi kwao na meno kwao, kwa sababu ratiba ingekaa vizuri zaidi. Mama Miligramu alipinga kikaoni kwa utulivu, akashindwa kwa utulivu. Uamuzi ukaachwa hadi matokeo ya mtihani. Mtihani wenyewe ukafika wakati ukumbi unapakwa rangi, na kitengo cha mitihani, kwa nia njema tu, kikawaweka wauguzi maktaba na watu wa meno maabara. Aliwaambia wasimamizi kwamba mwanafunzi akiomba kwenda chumba kile kingine kuuliza, aruhusiwe.

Hakuna aliyeomba. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba hajui. Waliandika kwa mwandiko mzuri, wa kujiamini, karatasi baada ya karatasi. Nilikuwa nimekaa mkabala naye akisahihisha. Alipofika ya mwisho aliweka kalamu chini, akaipangusa meza kwa kiganja mahali pasipo na uchafu, akasema, "Wameniua wote."

Nilisikia vizuri. 

Wiki iliyofuata, jino likaamka. Ndilo lile lile nililoliziba. Shavu lilikuwa limejaa hadi jicho limekuwa dogo. Nilimwambia nitamtibu mwenyewe, pale pale, mlango ukiwa umefungwa. Akakataa. Kliniki yetu ya mafunzo asubuhi ile ilikuwa na wanafunzi wawili wa zamu, na wote wawili walikuwa katika darasa lililofanya mtihani ule. Wa meno tunamwita Injini, kwa sababu ya kasi ya mikono na ulimi. Muuguzi tunamwita Kimya, nanyi mnajua kwa nini. Mama Miligramu alitaka atibiwe na hao. "Kama hawawezi na mimi," alisema, "hawataweza na mwingine yeyote, na mkuu ana haki ya kuwatenganisha." Akanipa sharti nisifungue mdomo mpaka kalamu iguse karatasi.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri na baridi ilikuwa kali. Kama desturi yake kila mwisho wa muhula, alikuwa amelichukua sweta la Bibi kwenda kulifua nyumbani, na kwa baridi ile alikuwa amelivaa. Nilimwona akiingia nalo kliniki, akatembea hadi kwenye kiti cha meno, akakaa. Sweta lilimkaa sawasawa, mabegani, mikononi, kila mahali. 

Injini alimwamkia, akawasha taa, akatazama, akagonga jino kidogo, akaanza. "Mwalimu, pole sana, hili halina shida, tunakupa dawa uvimbe ushuke, siku tatu zijazo tunaling'oa, dakika tano tu umesahau." Aliuliza habari ya penisilini, akajibiwa kwamba humvimbisha midomo. Vizuri sana, akasema, basi atampa ile nyingine, na akavuta karatasi ya dawa. Fomu ya mgonjwa ilikuwa imelala pembeni, na mahali panapouliza dawa unazotumia kila siku pameachwa wazi. Nilielewa kwa nini, na ningekuwa yeye huenda nami ningeparuka. Utamuulizaje mwalimu wa dawa kama anameza dawa? Utaonekana huna adabu. Ile dawa aliyotaka kuandika ndiyo ile ile ya vijidudu aliyopewa mzee wa mto.

Mama Miligramu alimwacha aendelee. Alikuwa ameyafumba macho na mikono ameilaza mapajani. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, natazama ncha ya kalamu ikishuka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa katika kazi hii.

Kimya alikuwa upande wa pili, ameshika kifundo cha mkono wa mwalimu, anahesabu mapigo. Nikaona amezidisha muda wa kukishika. Akaanza kuhesabu upya. Kisha macho yake yakapanda taratibu kutoka kwenye kifundo hadi kwenye mkono wa sweta, hadi begani, na uso ukamwiva kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipotarajia.

"Usiandike," alisema.

Injini akageuka. "Nini?"

"Sijui. Usiandike. Tuulize kwanza." Akapiga goti karibu na kile kiti, akasema, "Mwalimu, shikamoo, naomba unisamehe. Kuna dawa unayomeza kila siku?"

Mama Miligramu alifumbua macho. Machozi yalikuwa yakimtiririka kuelekea masikioni, kwa jinsi alivyolala. "Warfarini," alisema. "Miligramu tano. Kila jioni."

Injini aliiweka kalamu chini kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza kulipuka. Kisha, kwa haki yake niseme, alifanya kazi nzuri kuliko yoyote niliyomwona akifanya. Waliagiza damu ipimwe kabla ya lolote. Majibu yalirudi, na damu ilikuwa nyepesi kuliko ilivyopasa. Lile jino lingeng'olewa siku tatu baadaye juu ya dawa ile, sitaki hata kuimaliza sentensi. Walilifungua jino kwa juu usaha ukatoka, wakampa ya maumivu isiyogombana na damu, Kimya akampigia daktari wa moyo mwenyewe na kuongea naye kwa dakika nyingi bila kunong'ona. Jino liling'olewa wiki kadhaa baadaye, damu ikiwa imesawazishwa, na lilitoka kwa upole wa ajabu, kama lilikuwa linangoja ruhusa.

Hao wawili ndio waliolieleza darasa. Siku iliyofuata wanafunzi wote walikwenda ofisini kwa mkuu wakaomba kurudia mtihani, chumba kimoja, rangi ikauke isikauke. Mkuu alikuja kusimamia mwenyewe. Anasema hajawahi kusikia kelele za namna ile kwenye mtihani, na kwamba alipofika nusu saa alijikuta naye anauliza dawati la tatu kama wamekumbuka magoti. Bibi alipona madawati yote. Pendekezo la kuigawa kozi halijaonekana tena kwenye ajenda, na tunamshukuru mkuu wetu kwa kulisahau.

Asubuhi baada ya mtihani ule, mama wa usafi alinisimamisha kwenye ukumbi wa chini, akaniita pembeni. Kiti cha mbele kilikuwa na vumbi. Alikuwa amekifuta, akasema, na alijisikia vibaya kukifuta, kama anayefuta kitanda cha mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani bila kuaga.

Katika miaka yake hapa Mama Miligramu amefundisha wauguzi na watu wa meno ambao sasa wako kwenye wodi na kliniki nisizoweza kuzitaja zote. Kozi yake imeombwa na vyuo vingine, navyo vilipelekewa muhtasari, na vingine vikaandika kuuliza kama kiti ni lazima. Amekuwa mwenyekiti wa kamati ya mitaala mara mbili, amelea walimu vijana, amesuluhisha ugomvi wa idara zetu kuhusu friji moja ya kuhifadhia chanjo na maziwa ya chai. Amewahi kumkaripia mkuu wa chuo kwa kumeza vidonge vya kichwa juu ya tumbo tupu, mbele ya wageni.

Mimi nimekabidhiwa kozi, na nimeambiwa nimtafute mgonjwa mwingine, maana Bibi amemaliza. Nimekaa na karatasi tupu mwezi mzima. Kila ugonjwa ninaouandika naukata. Nilimpelekea rasimu ya kwanza, kijana wa miaka ishirini, mwanamichezo, mwenye chunusi moja kwenye kidevu. Aliisoma akacheka hadi akashika kifua, nikaogopa. Kisha akanirudishia. "Huyu hatamfundisha mtu kitu," alisema. "Andika vizuri, kaka yangu. Halafu wafundishe vizuri."

Nimeandika. Ni mwanamume, daktari wa meno mstaafu, mnene kidogo kunizidi. Sukari yake inapanda na mikono imeanza kumtetemeka. Meno yake ni mazima, hapo nimejipendelea. Vijana wataanza naye muhula ujao.

Dada yetu, asante. Asante kwa dozi zilizopimwa, kwa wagonjwa wasiotujua ambao wako hai, na kwa kutufundisha kusema hatujui mbele za watu. Tunakutakia siku nyingi za amani na mume wako na meza yenye nafasi ya sahani, moyo unaokwenda taratibu, na jioni ambazo hutasahau kidonge chako. Kiti cha mbele tumekileta hapa ukumbini, kimefutwa, sweta limetundikwa mgongoni mwake, na kiko karibu na dirisha kama ulivyozoea. Miaka yote hii umekipita. Leo usikipite. Kaa, upumzike, tukupigie makofi, kisha urudi nyumbani salama.

Ukiinuka tu, tafadhali, sweta tuachie.